Wanasesere wa karatasi: Biashara ya bahasha inayosimama juu ya neno la muuzaji

Na Mwandishi Wetu

Bahasha moja nyembamba, nyepesi kuliko simu ya mkononi, inaweza kuwa ndiyo mzigo mzima wa mfanyabiashara. Ndani yake kuna msichana wa karatasi, magauni yake ya karatasi na kofia zake za karatasi. Haihitaji ghala, lori wala foleni ya mizani. Lakini swali la mnunuzi ni lile lile linaloulizwa Namanga au Mutukula: hiki ni cha asili au ni nakala?

Hiyo ndiyo biashara ya wanasesere wa karatasi wa kale. Makao yake ni Marekani na Uingereza, ambako wakusanyaji huvinunua vitu hivi kwenye minada, kwenye maonyesho ya vitu vya kale na kwa njia ya mtandao. Katika masoko yetu hutaikuta. Hata hivyo, namna inavyoendeshwa ina funzo kwa yeyote anayemuuzia mteja asiyemwona.

Kilianza kama kitabu

Mwaka 1810, kampuni ya S. & J. Fuller ya London ilitoa kitabu kidogo kiitwacho The History of Little Fanny. Kilisimulia habari za msichana mwenye majivuno anayeanguka kimaisha hadi kuwa ombaomba na kubeba kapu la samaki, kisha anarudi nyumbani akiwa na adabu. Kila hatua ilikuwa na vazi lake la karatasi, na kichwa kimoja kilihamishwa kutoka vazi hadi vazi. Kichwa hicho kikipotea, seti nzima imepungukiwa.

Baadaye uchapaji wa rangi ulishusha gharama. McLoughlin Brothers wa New York na Raphael Tuck & Sons wa London waliwafikisha wanasesere hawa kwenye nyumba nyingi zaidi. Mwaka 1908 jarida la Ladies' Home Journal lilianza kuchapa kurasa za Lettie Lane, na mwaka 1951 jarida la McCall's likamleta Betsy McCall. Katikati ya hapo, kuanzia mwaka 1934, kampuni ya Saalfield ya Ohio iliuza wanasesere wa Shirley Temple, mtoto nyota wa sinema.

Mkasi ukishapita

Zilichapwa nyingi, lakini zilizobaki nzima ni chache, kwa sababu vitu hivi vilitengenezwa vikatwe. Mtoto alichukua mkasi, akakata, akacheza, akachana. Vishikizo vidogo vinavyolibana gauni mabegani ndivyo huvunjika kwanza.

Ndiyo maana karatasi ambayo haijaguswa na mkasi huwa na bei kubwa kuliko ile ile iliyokatwa. Baada ya hapo mnunuzi huangalia kama seti imekamilika, kama bahasha au jalada lake lipo, na kama rangi haijapauka kwa jua. Anayebandika mpasuko kwa gundi ya utepe akidhani anatengeneza huwa anaharibu, kwani gundi hiyo hugeuka njano na kuingia ndani ya karatasi. Wazoefu huacha mpasuko ulivyo na kuutaja kwenye maelezo ya bidhaa.

Nakala inapovaa umri

Kuna nakala mpya za wanasesere wa zamani zinazouzwa kihalali. Nchini Marekani, Dover Publications imechapa vitabu vya namna hiyo kwa miaka mingi, na jina lake liko wazi kwenye kitabu. Tatizo huanza nakala inapokatwa. Jina la mchapaji likiwa pembeni mwa ukurasa, hubaki kwenye kipande kilichotupwa, na mwanasesere anabaki hana cha kumtambulisha. Ni sawa na mzigo uliopotelewa na makaratasi yake njiani.

Mnunuzi makini huanza kwa kumgeuza mwanasesere, maana wengi wa kampuni ya Tuck wana jina la kampuni mgongoni. Kisha huchukua kioo cha kukuzia. Katika uchapaji wa rangi wa karne ya 19, vidoa vya wino mara nyingi havina mpangilio; katika nakala za kisasa vimejipanga kwa safu kama wavu. Hatua ya tatu ni taa ile ile wanayotumia wabadilisha fedha mpakani kukagua noti. Dawa za kung'arisha karatasi zilienea kuanzia miaka ya 1950, kwa hiyo mwanasesere anayedaiwa kuwa wa mwaka 1890 akiwaka kwa weupe wa samawati, dai hilo lina kasoro.

Umri kwenye fomu ya forodha

Umri hauishii kwenye bei. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha za Afrika Mashariki pia huutumia, kifungu 9706 ni cha vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100. Mwanasesere wa mwaka 1951 hajafika huko. Kwa hiyo anayekosea tarehe, kwa makusudi au kwa kutojua, anampotosha mnunuzi na afisa wa forodha kwa pamoja.

Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya anaifahamu hali hii. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kina uzito kwa sababu kinasema bidhaa imetoka wapi. Mwanasesere aliyekatwa hana cheti. Kilichobaki ni maelezo ya muuzaji: mwaka, mchapaji, kilichopungua, kilichochanika, na kama ni nakala, neno "nakala" liandikwe waziwazi.

Muuzaji anayeandika hivyo atapata bei ndogo kwa mwanasesere mmoja mwenye kasoro. Lakini mnunuzi wa ng'ambo atakapofungua bahasha na kukuta kile kile alichoambiwa, ataagiza nyingine bila kuuliza mara mbili.