Nguvu ya Kukuza Sauti Imo Kwenye Resista

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya wanavijiji wa Tanzania kusikiliza redio kwa vikundi, redio ya kijijini ilikuwa ya betri. Iliwezekana hivyo kwa sababu ya transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani Desemba 1947. Kwa anayejifunza ufundi redio leo, awe Kaagya huko Bukoba au Kamachumu huko Muleba, ni rahisi kudhani kwamba akitaka sauti kubwa zaidi atafute transista yenye namba kubwa zaidi ya kukuza mkondo. Hesabu inakataa. Katika saketi iliyopangwa vizuri, ukuzaji wa volti huamuliwa na resista mbili, na namba ile ya transista karibu haimo.

Tuchukue BC547, transista ndogo ya bei nafuu yenye miguu mitatu (besi, emita na kolekta), na betri ya sola ya volti 12. Weka resista ya kilo-omu 68 kutoka chanya hadi besi, na ya kilo-omu 10 kutoka besi hadi hasi. Besi itapata kama volti 1.5. Emita hukaa chini ya besi kwa takriban volti 0.6, kwa hiyo ina 0.9, na resista yake ya kilo-omu 1 itapitisha miliampia 0.9. Mkondo huo, ukipita kwenye resista ya kolekta ya kilo-omu 4.7, unakula volti 4.2 na kuiacha kolekta kwenye 7.8, mahali penye nafasi ya kupanda na kushuka. Sasa sauti iinue besi kwa milivolti 10. Emita inaifuata, mkondo unaongezeka kwa mikroampia 10, na kolekta inashuka kwa milivolti 47. Ukuzaji ni 4.7, yaani 4.7 kugawanya kwa 1, na wimbi limetoka limepinduka. Kwa karatasi ya kiwanda, BC547 inaweza kukuza mkondo mara 110 au mara 800. Hapa tofauti hiyo haibadilishi jibu kwa kiasi cha kusikika. Ondoa resista ya emita, uilishe besi kwa resista moja tu, na transista ya namba 800 itajaa mkondo na kunyamaza pale ambapo ya 200 ilifanya kazi vyema.

Fundi mwenye uzoefu atauliza: kwa nini niridhike na 4.7 wakati kapasita sambamba na resista ya emita inanipa karibu 170? Ni kweli inatoa. Kwa mawimbi ya sauti, kapasita huifanya resista ile kama haipo, na kinachobaki ni ukinzani wa ndani wa emita: 25 kugawanya kwa miliampia za mkondo, hapa kama omu 28. Lakini ukinzani huo hubadilika kila mkondo unapobadilika, hata ndani ya wimbi moja. Milivolti 10 za kupanda huongeza mkondo kwa asilimia 49. Milivolti 10 za kushuka huupunguza kwa asilimia 33 tu. Msikilizaji huiita tofauti hiyo mkwaruzo na kulaumu spika bure. Naona njia ya kati ndiyo ya busara: gawa resista ya emita, uache omu 100 nje ya kapasita na omu 900 sambamba nayo. Ukuzaji unakuwa 4,700 kugawanya kwa 128, karibu 37, na sauti inabaki safi zaidi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kuliko la kwanza: vipimo havilingani na hesabu. Mara nyingi kosa liko kwenye kilichosahauliwa, yaani hatua inayofuata. Ikiwa nayo ina ukinzani wa kilo-omu 4.7 kwenye mlango wake, kwa wimbi la sauti inakaa sambamba na resista ya kolekta, na mzigo unakuwa kilo-omu 2.35. Saketi iliyotoa 37 ikiwa peke yake mezani itatoa kama 18 ikishaunganishwa, bila kitu chochote kuungua.