Jiwe nalo huoza: Siri ya madini adimu ya chuma na salfa

Vyote ving'aavyo si dhahabu, walisema wahenga. Sisi walimu wa kemia tunaujua ukweli wa msemo huo. Hapa Muhima si ajabu mwanafunzi kuja darasani na jiwe la manjano linalometameta, akiamini kuwa ameukata. Kumbe ni pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa.

Jiwe hilo lisitupwe ovyo, kwani lina kisa ambacho nchi yenye migodi kama Rwanda inapaswa kukifahamu.

Mimi nilisoma uhamishoni, Tanzania, na masomo ya msingi niliyapata kwa Kiswahili. Basi niruhusu, ndugu msomaji, nilieleze somo hili kwa lugha hiyo hiyo.

Chuma na salfa vikiungana bila oksijeni, tunapata salfaidi. Pairaiti ni mojawapo. Salfa ikishika oksijeni nne, tunapata salfeti. Katikati yake yupo ndugu wa tatu, salfaiti, mwenye oksijeni tatu tu. Salfaidi na salfeti za chuma zimejaa duniani. Salfaiti ya chuma ni adimu mno.

Sababu yake ni hii: salfaiti haitulii. Ikikutana na hewa na maji, hunyakua oksijeni ya nne na kugeuka salfeti. Ikikutana na asidi kali, huvunjika na kutoa dioksidi ya salfa, gesi yenye harufu kali ya kiberiti kilichowashwa. Watengenezaji wa divai huitumia tabia hiyo: huweka salfaiti kidogo ili inyakue oksijeni kabla haijaharibu kinywaji.

Hata hivyo, mwaka 2016 wanasayansi walichapisha maelezo ya salfaiti ya chuma iliyopatikana katika mgodi wa zamani wa risasi na zinki wa Monte Falò, kaskazini mwa Italia. Waliiita albertiniiti, kwa heshima ya Claudio Albertini, mkusanyaji wa madini wa nchi hiyo. Ndani yake, kila chuma kimoja kina salfaiti moja na molekuli tatu za maji. Ilizaliwa kutokana na salfaidi zilizokuwa zikioza mgodini humo. Ili ibaki hai ilihitaji mahali ambapo oksijeni ilitosha kuanzisha kazi, lakini haikutosha kuimaliza.

Mahali pa namna hiyo ni pachache. Kwa kawaida hewa huimaliza kazi, na matokeo yake yameonekana kwa jirani zetu wa Uganda.

Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulichimbwa kuanzia 1956 hadi uzalishaji uliposimama 1982. Pairaiti yenye kobalti iliyobaki ilirundikwa Kasese, zaidi ya tani 900,000. Mvua ikanyesha, hewa ikaingia, bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa wakafanya yao. Salfaidi ikawa salfeti, na pamoja nayo ikatoka asidi ya salfuriki. Maji hayo ya asidi yakatiririka hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Yalikopita palibaki ukanda mtupu usioota majani.

Kuanzia 1999 kiwanda cha Kasese kiliwatumia bakteria wa aina hiyo ndani ya matangi kuyeyusha pairaiti na kuvuna kobalti. Ni uozo ule ule, ila safari hii ulisimamiwa.

Na sisi je? Kaskazini mwa Kigali, huko Rutongo wilayani Rulindo, tunachimba bati. Mishipa ya mawe yenye bati hilo ina pairaiti pia, na salfaidi nyingine yenye aseniki. Chini ardhini mawe hayo hayana madhara makubwa. Yakivunjwa na kuachwa juani na mvuani, saa ya kuoza huanza kuhesabu. Nasi wa Muhima tunaishi juu ya bonde la Nyabugogo, ambalo hupokea maji ya milima ya kaskazini na kuyapeleka Nyabarongo, na mwishowe Ziwa Victoria.

Dawa yake haihitaji maajabu. Mabaki yenye salfaidi yafunikwe ili hewa na mvua visiyafikie. Maji yanayotoka yapimwe asidi, na yakionekana makali yatiwe chokaa. Hata shule inaweza kusaidia: karatasi ya litimasi iliyo kabatini mwa maabara inatosha kuonyesha kama maji yana asidi.

Albertiniiti haitatutajirisha. Lakini uadimu wake unatuambia jambo moja waziwazi: salfaidi ikishaanza kuoza, ni mara chache sana hewa huiacha njiani. Kazi yetu ni kuizuia kabla haijaanza.