Anwani Milioni 16 za Redio za Ridhaa: Mali ya Nani?



Wengi wetu tunaijua simu ya upepo. Katika mashamba makubwa ilikaa ofisini kwa meneja, ikikoroma mchana kutwa, na habari ya mgonjwa wa kambini ilipita humo baada ya shughuli za bwana shamba kwisha. Safari hii tunaeleza juu ya watu walioichukua redio ya namna hiyo wakaifundisha kusema lugha ya kompyuta, bila mshahara na bila waya wa simu. Kazi yao ilizaa mali ya mamilioni ya dola. Mwisho tutasema jinsi sehemu ya mali hiyo ilivyouzwa, maana jambo hilo latuhusu sisi tulio wanachama wa vyama.

Watu hao ni waendesha redio wa ridhaa. Neno ridhaa tunalijua katika ndondi: ni yule apiganaye pasipo kulipwa. Mwendesha redio hupata leseni ya serikali, na hupewa jina la kituo lenye herufi na tarakimu. La Kenya kwa kawaida huanza na 5Z, la Tanzania 5H, la Uganda 5X, la Rwanda 9X, la Burundi 9U, la Kongo 9Q. Masharti yao ni makali. Hawaruhusiwi kufanya biashara hewani, wala kulipwa kwa kupeleka ujumbe, wala kuficha maneno kwa lugha ya siri. Kwa hiyo tunaonya mapema: ndugu anayefikiri tutapanga mgomo kwa njia hii, aache. Kila mwenye redio anasikia, na mwajiri naye anaweza kununua redio.

VIFURUSHI HEWANI

Chukua barua ndefu, ikate vipande, kila kipande kitie katika bahasha yake. Juu ya bahasha andika inakotoka, inakokwenda, na namba ya kipande. Hivyo ndivyo vifurushi, tusivichanganye na vile tunavyonunua kwa kampuni za simu. Kati ya kompyuta na redio hukaa kisanduku kinachogeuza tarakimu kuwa milio miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, na redio huirusha kama inavyorusha sauti ya mtu. Upande wa pili kisanduku kingine hugeuza milio kuwa maandishi tena.

Mwendo wake ni wa kobe. Mtambo wa kawaida ulipeleka biti 1200 kwa sekunde, yaani herufi zisizozidi 150. Ukurasa wa herufi 2000 ulihitaji sekunde 14 hivi, kama hewa ni tupu. Lakini hewa si tupu, kwa sababu vituo vyote vya mji hutumia wimbi moja. Ni kama bomba moja la maji kambini: kabla hujaweka ndoo, tazama kwanza kama mwenzako anateka. Kituo husikiliza, kikisikia mwingine anasema, kinangoja.

Taabu ni vilima. Kituo kilicho nyuma ya kilima hakimsikii mwenzake wa upande mwingine. Wote wawili hudhani njia ni wazi, husema pamoja, na anayepokea katikati hupata kelele tupu. Basi hajibu. Aliyetuma, akiona kimya, hungoja kidogo na kutuma tena. Ndiyo maana hupendelea kuweka kituo juu ya mlima kisikilize vifurushi na kuvirudia, ili vifike mbali.

Wa kwanza kutumia redio kwa namna hii hawakuwa wa ridhaa. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianza kuunganisha kompyuta kwa redio kati ya visiwa. Watu wa ridhaa walifuata mwaka 1978 huko Montreal, Kanada, baada ya serikali yao kuwapa ruhusa. Wenzao wa Vancouver, kisha wa Tucson katika Marekani, walitengeneza visanduku ambavyo mtu aliweza kujiungia mwenyewe mezani. Mwaka 1984 walikubaliana itifaki moja, iitwayo AX.25, ili kisanduku cha mji mmoja kielewane na cha mji mwingine.

KAZI YA KARN

Hata hivyo kila mtandao wa redio ulikuwa kama reli isiyoungana na reli kuu. Mhandisi mmoja wa Marekani, Phil Karn, ambaye jina la kituo chake ni KA9Q, katika miaka ya kati ya 1980 aliandika programu ya kuunganisha. Programu hiyo iliingiza katika kompyuta ndogo za bei rahisi itifaki mbili za intaneti, IP na TCP. Ya kwanza husoma anwani na kusukuma kifurushi mbele, kwa redio, kwa waya au kwa setilaiti, haichagui barabara. Ya pili huhesabu vifurushi na kudai vilivyopotea. Karn aliwapa watu wa ridhaa programu yake bure, pamoja na maandishi yake ya ndani, ili anayejua airekebishe.

Tukae kidogo hapa. Mitandao iliyopotezapoteza vifurushi, na redio ikiwamo, ilionyesha kasoro ambayo juu ya waya mzuri haikuonekana sana. Umetuma barua, hukujibiwa, ukatuma nakala. Sasa jibu limefika. Ni jibu la barua ya kwanza au la nakala? Ukikosea, utapima vibaya urefu wa safari, na utarudia kutuma mapema mno au kwa kuchelewa mno, na hewa itajaa. Mwaka 1987 Karn na Craig Partridge walitoa kanuni: kifurushi kilichotumwa mara mbili kisitumike kupimia muda. Kanuni hiyo iliingia katika itifaki ya dunia nzima, na simu iliyo mfukoni mwako inaifuata leo.

Kwetu Afrika Mashariki vifurushi vya redio vilikuja kwa njia ya matibabu. Mapema katika miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari Bernard Lown, lilianzisha HealthNet. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilipita juu yetu mara chache kwa siku, na vituo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam vikapeleka na kupokea barua za madaktari katika dakika chache za kila mpito. Itifaki zake hazikuwa zile za Karn, bali kazi ya kuufikisha ujumbe pasipo laini ya simu ilikuwa ile ile.

MAUZO YA 2019

Sasa tufike kwenye mali. Kila kompyuta katika intaneti huhitaji anwani ya tarakimu. Mwaka 1981 Hank Magnuski, mtu wa ridhaa, aliwaombea wenzake anwani, wakapewa zote zinazoanza na 44. Ni anwani 16,777,216. Wakati huo hazikuwa na bei. Baadaye intaneti ilienea, anwani zikaadimika, zikaanza kuuzwa kama viwanja vya mjini.

Mwaka 2011 lilisajiliwa shirika lisilo la faida, ARDC, huko Kalifonia, kuzitunza. Julai 2019 shirika hilo lilitangaza kwamba limeuza robo yake, anwani 4,194,304, kwa kampuni ya Amazon. Baadaye ilijulikana kuwa bei ilikuwa zaidi ya dola milioni 100. Tangazo lilitoka mauzo yakiwa yamekwisha. Watumiaji duniani kote hawakupiga kura, kwa sababu shirika lina wakurugenzi, halina wanachama.

Wakurugenzi walisema sehemu ile haikuwa na kazi, na kwamba thamani yake ingeshuka itifaki mpya yenye anwani nyingi ikienea. Hoja hizo zina uzito. Fedha nazo hazikuliwa: zimewekwa kuzaa ruzuku, na zimelipia masomo ya vijana na kukarabati mtambo mkubwa wa redio wa wanafunzi wa MIT. Lakini sisi tuliowahi kuona kiwanja cha tawi kikiuzwa na watu watano, kisha mkutano ukaitwa kupongeza, hatuwezi kusema utaratibu ule ulikuwa sawa. Bei nzuri haijibu swali la nani aliulizwa. Kilichotolewa kwa wote kingesubiri miezi michache wote wasikie.

Anwani 12,582,912 zimebaki. Katika Ujerumani na Austria wanazitumia katika mtandao wao wa redio, HAMNET, wenye mwendo wa kasi kupita ule wa kobe. Mwenye leseni ya ridhaa katika nchi yoyote, na zetu zikiwamo, anaweza kuomba sehemu kwa ARDC bila malipo.