Ngozi kama Ukuta wa Mwili: Nini Huzuiwa na Nini Hupenya?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii hutumiwa kuonya kuhusu mwenendo na malezi, ila maana yake inaoana barabara na kiungo ambacho kila mtu anacho na ni wachache wanaokifikiria: ngozi. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia takriban mita mraba 1.5 hadi 2. Kuihusu, kuna dhana mbili zinazokinzana. Wapo wanaoamini kuwa ngozi ni ukuta usiopitisha chochote, na kwamba sumu ni ile inayoliwa au kunywewa tu. Wapo pia wanaodai kuwa kila kipakwacho juu ya ngozi huishia katika damu. Dhana zote mbili zina kasoro. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ukuta huu ulivyojengwa, mambo yanayoamua kipitacho na kisichopita, na madhara yanayomfika anayepuuza elimu hiyo.

Ujenzi wa ukuta

Ngozi ina matabaka mawili makuu. La ndani ni demisi, lenye mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na mizizi ya nywele. La nje ni epidemisi, ambalo halina mishipa ya damu. Hata hivyo, kazi kubwa ya ulinzi haifanywi na epidemisi yote, bali na utando wake wa juu kabisa. Utando huo waweza kuitwa tabaka-pembe, maadamu umejaa keratini, protini iyo hiyo inayounda kucha, nywele na pembe za wanyama. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni milimita 0.01 hadi 0.02 tu, yaani ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari.

Wataalamu huulinganisha utando huu na ukuta wa matofali. Matofali yenyewe ni seli bapa zilizokwisha kufa, zilizopangwa safu kwa safu, kwa kawaida 15 hadi 20. Saruji yake ni mafuta yanayojaza nafasi baina ya seli hizo: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Seli mpya huzaliwa chini ya epidemisi, zikasukumwa juu, zikakauka, zikafa na hatimaye kupukutika, na mzunguko huo huchukua takriban mwezi mmoja.

Ukuta huu hulinda pande mbili. Kwa nje huzuia vijidudu na kemikali; kwa ndani huzuia maji ya mwili yasipotee. Ndiyo maana mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hukabiliwa na hatari mbili kwa mpigo: kukaukiwa maji na kuvamiwa na maradhi.

Mambo yanayoamua upenyaji

Kwanza ni ukubwa wa molekuli. Mwaka 2000, watafiti Bos na Meinardi wa Uholanzi walieleza kanuni kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya kwa shida mno katika ngozi nzima. Nikotini, yenye uzito wa takriban daltoni 162, hupita. Ndiyo sababu ya kuwako kwa plasta za nikotini zinazobandikwa ngozini kuwasaidia wanaotaka kuacha sigara. Insulini, yenye takriban daltoni 5,800, haipiti. Mgonjwa wa kisukari hawezi kujipaka insulini akapona adha ya sindano.

Pili ni tabia ya kitu chenyewe. Kwa kuwa saruji ya ukuta ni mafuta, vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupata njia kwa wepesi kuliko vile vinavyoyeyuka katika maji pekee.

Tatu ni mahali. Mwaka 1967, Feldmann na Maibach wa Marekani walilinganisha upenyaji wa dawa ya haidrokotisoni katika sehemu mbalimbali za mwili. Kiasi kilichopenya kwenye kigasha kikihesabiwa kuwa 1, unyayo ulipitisha 0.14, paji la uso 6, pembe ya taya 13, na ngozi ya korodani 42. Ni bayana basi kwamba kinachovumiliwa na kiganja huenda kisivumiliwe na uso.

Nne ni muda na hali ya ngozi. Kitu kikikaa muda mrefu, hasa kikifunikwa kwa plastiki, bendeji au nguo iliyolowa, hupenya zaidi. Fauka ya hayo, michubuko, ukurutu na kujisugua kupita kiasi hufungua nyufa. Watoto wachanga nao wamo hatarini zaidi, kwani eneo la ngozi yao ni kubwa likilinganishwa na uzito wa miili yao.

Matone yaliyoua

Ithibati ya kusikitisha ilipatikana Marekani. Tarehe 14 Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, alidondokewa na matone machache ya daimethili-zebaki mkononi. Alikuwa amevaa glavu za mpira na alidhani amekingwa. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za aina ile kwa sekunde chache. Hakuhisi maumivu. Miezi mitano baadaye alianza kupepesuka na kushindwa kutamka maneno vyema, na tarehe 8 Juni 1997 aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 48. Upenyaji wa ngozi hauna kishindo. Anayepenywa huenda asijue hadi maji yamezidi unga.

Shambani: dawa au sumu?

Nchini Kenya, hatari ya aina hii haihitaji maabara. Katika maeneo yanayokuza tumbaku kama vile Migori, mkulima anayechuma majani yaliyolowa umande au mvua huweza kufyonza nikotini kupitia ngozi, akapatwa na kisunzi, kichefuchefu na kutapika ilhali hajavuta sigara hata moja.

Hali kadhalika, baadhi ya viuadudu, hasa vya jamii ya oganofosfeti, hupenya ngozi na kuvuruga mfumo wa neva. Hapa lugha ina mchango wake. Kiswahili hutumia neno moja, dawa, kwa kinachomponya mtoto na kwa kinachoua viwavi. Mkulima husema anapiga dawa, wala hasemi ananyunyiza sumu. Mtungi unapovuja mgongoni na shati likalowa, neno hilo la upole huenda likamfanya aendelee na kazi hadi jioni. Anachopaswa kufanya ni kuvua nguo hizo papo hapo na kujiosha kwa maji mengi na sabuni, bila kujisugua kwa nguvu, kwa kuwa kusugua huchubua ukuta wenyewe.

Urembo unaobomoa

Mfano wa mwisho ni krimu za kujichubua. Chumvi za zebaki zilizomo katika baadhi yake huzuia utengenezaji wa melanini, rangi inayoikinga ngozi dhidi ya miale ya jua. Zebaki hiyo haikomei usoni. Hupenya, ikaingia katika damu na kudhuru figo. Krimu nyingine huwa na steroidi kali ambazo, zikitumiwa kwa muda mrefu, huikonda ngozi na kuudhoofisha ukuta. Mtumiaji hujikuta amelipia bomoabomoa ya nyumba yake mwenyewe.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutekelezwa mwaka 2017, nao unalenga kuviondoa vipodozi hivyo. Licha ya hatua hizo, krimu za zebaki zingali zinapatikana madukani na mitaani, mara nyingi zikiwa hazina maelezo ya viambato vyake.

Hitimisho

Ngozi si ukuta wa chuma, wala si chujio lililotoboka. Ni bawabu anayempima kila mgeni kwa ukubwa wake, tabia yake, mlango anaoujia na muda anaokaa kizingitini. Bawabu huyo ni hodari, lakini hasomi vibandiko vya chupa wala hajui bei ya urembo. Kazi hiyo ni ya mwenye ngozi. Nao wanaoshughulikia Kiswahili wana deni: kuhakikisha kwamba onyo lililo kwenye mtungi wa shambani na kwenye kopo la krimu linaeleweka kwa lugha ya anayelishika, na kwamba panapostahili kuandikwa sumu, pameandikwa sumu.