Kishikio cha Mlango wa Nyuma wa Gari: Tuitengeneze Kwanza Sababu



Magari mengi ya familia hapa kwetu mwambao ni yale yenye mlango mmoja mpana wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Tunayapenda kwa kuwa hubeba watoto, bidhaa za sokoni, na masufuria ya shughuli. Sheria ya Kenya huruhusu gari la mtumba kuingizwa nchini likiwa halijapita miaka 8. Baada ya hapo sisi hukaa nalo miaka 10 au 15 zaidi. Katika umri huo kuna kitu kidogo ambacho huvunjika katika nyumba nyingi, nacho ni kishikio cha mlango wa nyuma, ambacho mafundi wa gereji hukiita hendeli ya buti.

Kwetu sisi kilivunjika asubuhi ya Ijumaa, mkononi mwa mama wa nyumba, alipokuwa akitaka kushusha gunia la mchele. Neno la kwanza lililotutoka lilikuwa la lawama: amekivuta kwa nguvu mno. Naye akatujibu kwa upole kwamba mlango ule ulikuwa mgumu tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba alipotueleza, sisi ndio tuliomwambia auvute kwa nguvu. Hatukuwa na jawabu.

Tukampelekea fundi wa karibu. Akatafuta kishikio cha mtumba, akakifunga, tukalipa, tukashukuru. Haikutimia miezi miwili nacho kikavunjika pale pale. Safari hii tukaona tusitoe fedha tena. Tukaunganisha mlango na chuma cha chini kwa kamba, tukasema inatosha.

Kamba ile ndiyo iliyotufunza. Tulikuwa tukitoka Mombasa kwenda Malindi, safari ya kiasi cha kilomita 120, watoto wakiwa kiti cha nyuma na vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua. Tulipokaribia Kilifi mmoja alilalamika kichwa kinamuuma, wa pili akawa anataka kutapika, na mdogo wao amelala usingizi mzito usiokuwa wa saa ile. Sisi tulidhani ni uchovu wa njia. Mama yao ndiye aliyetuamuru tusimame, akafungua milango yote na kuwatoa watoto nje. Walipopata hewa safi wakarejea katika hali yao, alhamdulillahi.

Maelezo yake ni haya. Gari linapokwenda, hewa hupita juu na pembeni, na nyuma yake hubaki nafasi ambayo moshi wa ekzosi huzunguka bila ya kuondoka upesi. Mlango ukiwa na upenyo, hata wa upana wa kidole, moshi huo huvutwa ndani. Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Na ikizidi, huua. Kwa hiyo mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba si aibu ya macho tu, bali ni hatari kwa roho za watoto. Anayeonyesha dalili hizo atolewe nje mara moja, na asipopata nafuu upesi apelekwe hospitali.

Tuliporudi tulimwendea fundi mmoja mtu mzima. Hakukitazama kishikio. Alifungua ubao wa plastiki ulio upande wa ndani wa mlango, akaligusa komeo kwa bisibisi, akasema: "Maalim, kishikio hiki ni shahidi tu. Mkosaji yuko ndani."

Akatuonyesha. Kishikio cha nje kina ulimi mdogo, mara nyingi wa plastiki. Ulimi huo huvuta kijiti cha chuma au waya, na kijiti huachilia komeo, ambalo ni ndoano inayong'ata kitanzi cha chuma kilichofungwa chini kwenye kizingiti cha gari. Komeo likiwa laini, kidole kimoja hutosha. Lakini hewa yetu ya bahari ina chumvi, na njia zetu zina vumbi. Vitu hivyo viwili hukutana na grisi kuukuu, hugeuka tope gumu, na kutu huanza. Kila siku komeo hudai nguvu zaidi, na nguvu hiyo yote hupita katika ulimi wa plastiki ambao jua limekwisha kuukausha.

Sababu ya pili ni vile vijiti viwili vya gesi vinavyoinua mlango. Vikichoka, mlango huwa mzito, na mwenye kuufungua hushika kile kile kishikio kuuinua wote. Kishikio kiliumbwa kwa kufungua, hakikuumbwa kwa kubeba. Anayebadilisha kishikio na kuliacha komeo kavu na vijiti vilivyochoka, amenunua uvunjikaji wa pili.

Kazi yenyewe haihitaji mashine, na mama au kijana mwenye subira anaweza kuifanya au kuisimamia. Tunaieleza kama tulivyoifanya, ingawa magari hutofautiana kidogo.

Kwanza, kuufungua mlango. Kishikio kikiwa kimekatika, lazima kuingia kwa ndani na kulaza viti vya nyuma. Baadhi ya magari yana kifuniko kidogo katika ubao wa ndani, na nyuma yake komeo hufikiwa kwa bisibisi. Mengine hudai ubao wote ung'olewe.

Pili, usalama. Vijiti vya gesi vikiwa dhaifu, egemeza mlango kwa mti imara kabla ya kuingiza kichwa chini yake, na watoto wawekwe mbali. Vijiti hivyo vina gesi yenye shinikizo kubwa. Visitobolewe wala visipashwe moto. Vikichoka hubadilishwa.

Tatu, kufungua. Ondoa skrubu za ubao wa ndani, kisha uvute taratibu karibu na kila kibanio, kwa sababu vibanio vya plastiki vya zamani huvunjika upesi. Chomoa nyaya za taa ya kibao cha namba ikiwa zimepita hapo. Kijiti cha komeo hushikwa na kibanio kidogo: kizungushe kiachie, usikivute kwa nguvu. Nati za kishikio katika magari mengi ya Kijapani hufunguka kwa spana namba 10.

Nne, na hapa ndipo penye siri yote, tibu komeo. Lisafishe kwa mafuta ya kupuliza na mswaki wa zamani mpaka tope litoke, lipanguse, kisha ulipake grisi mpya. Mlango ukiwa bado juu, sukuma ndoano kwa bisibisi ijifunge, halafu iachilie kwa kuvuta kijiti. Rudia mpaka ivutike kwa kidole kimoja. Ukimaliza, hakikisha ndoano imebaki wazi, kwani kuubamiza mlango juu ya ndoano iliyojifunga ni kuuharibu upya.

Tano, funga kishikio kipya, na nati zisikazwe kupita kiasi, kwa kuwa plastiki hupasuka. Ukivipata viwili vya kuchagua, angalia ulimi wa ndani kabla ya kuangalia rangi ya nje. Gundi haifai kwa ulimi uliokatika. Hushika siku chache tu.

Sita, usiufunge mlango kabla ya kujaribu. Vuta kishikio mara kadhaa huku ndoano ikifungwa kwa bisibisi. Mara ya kwanza ya kuufunga kweli, mtu mzima akae ndani na bisibisi yake, ubao wa ndani ukiwa haujarudishwa, ili jambo likikataa asilazimike mtu kuanza kazi upya. Mwisho, kagua mpira unaozunguka mlango. Penye kuchanika ndipo moshi unapopita, hata mlango ukifungika vizuri.

Kazi yetu ilichukua asubuhi moja. Fundi alitulipisha kishikio, vijiti viwili vya gesi, na ujira wake. Tukihesabu kishikio cha kwanza kilichopotea bure, kumbe tungetumia kidogo zaidi lau tungesikiliza mapema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ule ufa tulikuwa tumeambiwa ulipo.

Ndiyo maana tunawaomba kina baba wenzetu jambo moja. Mwenye kulitumia gari kila siku kwa watoto na soko ndiye anayejua mkono unapoanza kupata taabu. Akisema mlango umekuwa mgumu, asijibiwe kwamba auvute kwa nguvu. Mkebe wa grisi hauna bei ya kuumiza, na dakika 20 za kusafisha komeo kabla ya mvua na baada yake zinatosha kukinga hayo yaliyotufika.

Jioni ile tulimwita mama wa nyumba aje ajaribu. Akaweka kidole kimoja, mlango ukapanda wenyewe. Akatutazama, wala hakusema neno. Sisi ndio tuliosema: tunakuomba radhi.