Shingo za Wachukuzi na Mikono ya Wachina

Anayetaka kujua shingo ya mwanadamu hubeba nini, na aende Kibirizi alfajiri. Atawaona wachukuzi wakipanda kutoka ufukoni na magunia ya dagaa, na akina mama wenye ngata vichwani wakichukua madumu ya mawese. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, wapagazi walitoka Ujiji hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Reli iliwapumzisha hao. Mchukuzi wa mwambao hajapumzika bado, na maumivu ya shingo yake huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Madaktari wa China si wageni kwetu. Walifika Unguja mwaka 1964, na Bara mwaka 1968. Katika elimu yao ya kale imo ya kukanda, waiitayo tuina, maana yake kusukuma na kukamata: mkandaji hubingirisha mgongo wa mkono juu ya misuli, hugandamiza kwa dole gumba, huivuta nyama ya bega taratibu.

Je, inaponya? Sifa peke yake si ushahidi. Shingo mbovu ina siku zake. Mtu akikandwa siku ambayo yu taabani, kesho atamshukuru mkandaji kwa nafuu ambayo labda ingemjia hata bila kuguswa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa hospitali ya Charité, mjini Berlin, walitumia kura. Katika habari waliyoitoa mwaka 2018, wagonjwa 92 wenye maumivu ya muda mrefu waligawanywa nusu kwa nusu: 46 wakakandwa kwa tuina mara sita, 46 wakangoja. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, baada ya majuma manne maumivu ya waliokandwa yalikuwa chini ya yale ya wenzao kwa kiasi cha 23, wala halikutokea dhara kubwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Lakini hatuna budi kuuliza: walilinganishwa na nani? Na watu waliongoja tu. Jaribio hilo halisemi kama mkono wa Mchina unaushinda mkono wa bibi wa Ujiji anayechua kwa mafuta ya mise. Wala halimsemi mchukuzi, ambaye kesho yake hurudi chini ya gunia lile lile.

Twaona jaribio la kutufaa lifanywe hapa hapa. Wachukuzi wapigiwe kura makundi matatu: la tuina, la kuchuliwa kwa desturi yetu, na la mazoezi ya shingo pamoja na mzigo uliopunguzwa. Apimaye asijue nani yumo kundi gani. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu mwaka 2002. Muhimbili pana taasisi ya tiba asili. Kigoma pana hospitali ya mkoa ya Maweni. Kundi la tatu ndilo tunalolingojea kwa hamu. Mzigo mwepesi ukiponya sawa na mikono ya fundi, suala litatoka kwa tabibu na kumwendea mwenye gunia.

Kwa sasa, shingo inayouma pamoja na ganzi ya mikono, miguu kulegea, homa au kukonda, au iliyoanza kuuma baada ya kuanguka, isikandwe na mtu yeyote. Huenda pingili zimevunjika, au zimeliwa na kifua kikuu. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe Maweni kwanza, na njiani shingo yake isipindwe.