Shilingi 950 za Jina, na Maelfu Yanayofuata

Fundi wa nguo wa Kaptembwo, Nakuru, anayetaka kusajili jina la biashara yake hahitaji tena kufunga safari. Akiwa na kitambulisho, PIN ya KRA na simu yenye intaneti, anaingia eCitizen, anapendekeza majina, analipa kwa M-Pesa na kusubiri cheti. Kwa miaka kadhaa sasa malipo hayo yamekuwa shilingi 950. Akitaka kampuni, ni shilingi 10,650. PIN yenyewe hutolewa bure.

Wafanyabiashara wa Nakuru wa makamo wanakumbuka utaratibu mwingine. Kampuni zilisajiliwa Sheria House, Nairobi, umbali wa kilomita 160 hivi, na mara nyingi faili haikumalizika kwa safari moja. Kulikuwa na ushuru wa stempu uliohesabiwa kulingana na mtaji, tamko la kuapishwa mbele ya kamishna wa viapo, na wakili wa kuandaa hati zote hizo. Sheria ya Kampuni ya 2015, pamoja na ile ya mwaka huohuo iliyounda Huduma ya Usajili wa Biashara, yaani BRS, ilifungua njia ya kuondoa mengi ya hayo. Leo mtu mmoja anaweza kuwa na kampuni peke yake, na kampuni binafsi ambayo mtaji wake uliolipwa haujafika shilingi milioni 5 hailazimiki kuwa na katibu.

Hata hivyo, anayeuliza bei mjini hutajiwa fedha nyingi kuliko hizo. Mtu wa saiba au wakala huongeza malipo ya kazi yake, na hilo ni haki yake. Kosa ni kumwacha mteja aamini kwamba fedha zote zimekwenda serikalini. Mteja adai risiti ya eCitizen, ambayo humwonyesha ada ya serikali ni ipi na ya wakala ni ipi. Anayeambiwa alipie katibu wa kampuni kwa biashara ya mtaji wa laki moja ana kila sababu ya kukataa.

Uamuzi unaowagharimu wengi kuliko ada yoyote ni wa kuchagua kati ya jina na kampuni. Vikundi vya vijana huvutwa na neno Limited kwa kuamini kwamba bila hilo hakuna tenda. Si kweli. Cheti cha AGPO, kinachofungua mlango wa asilimia 30 ya zabuni za umma iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hutolewa bure, na mwenye jina la biashara lililosajiliwa anaweza kukiomba.

Kampuni ina majukumu hata ikiwa imelala. Kila mwaka hutakiwa kuwasilisha taarifa kwa msajili, na tangu 2020 lazima pia iwataje wamiliki wake halisi. KRA nayo inasubiri ritani, hata ya sifuri. Mtu binafsi akichelewa kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa. Kwa kampuni, kiwango hicho cha chini ni shilingi 20,000. Kampuni iliyofunguliwa kwa matumaini ya tenda moja, ikakaa miaka 3 bila kuuza hata kitu kimoja wala kuwasilisha ritani, inaweza kujikuta ikidaiwa shilingi 60,000. Anayebeba mikopo mikubwa au kandarasi za hatari anaihitaji kampuni kweli, kwa sababu deni la kampuni kwa kawaida halifiki kwenye shamba la mmiliki huko Njoro. Fundi wa nguo anatosheka na jina.

Baada ya cheti ndipo inapokuja kaunti. Katiba ya 2010 iliweka leseni za biashara mikononi mwa serikali za kaunti, na Nakuru hupanga ada zake katika Sheria ya Fedha ya kaunti kulingana na aina ya biashara, ukubwa wake na mahali ilipo.

Tuseme mtu anafungua duka la maziwa Free Area, maziwa yakitoka Molo au Olenguruone. Atahitaji leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, ukaguzi wa afya ya umma, na vyeti vya afya vya wahudumu vinavyohuishwa kila miezi 6. Bodi ya Maziwa Kenya ina leseni yake. Mizani hukaguliwa na kupigwa muhuri. Bango la nje lina ada. Akiweka muziki wa kuburudisha wateja, wenye hakimiliki nao wanadai chao.

Kila ada ina sababu yake, na maziwa yasiyokaguliwa yanaweza kuua. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizi hutolewa kabla lita ya kwanza haijauzwa, wakati mfuko wa mwenye duka umeshaishia kwenye kodi ya nyumba na friji. Ni mpangilio unaomwumiza mtu pale alipo mnyonge zaidi. Kumpa mwaka wa kwanza alipe kwa awamu kungeiacha kaunti na walipaji wengi kuliko kuwatuma kanjo, yaani askari wake, kufunga milango.

Kisha kuna kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa asilimia 3 kila mwezi, na hesabu hufanywa kwenye mauzo, si kwenye faida. Duka linalouza maziwa ya shilingi 100,000 kwa mwezi litalipa 3,000. Ikiwa faida yake ni shilingi 10 kwa kila mia, karibu thuluthi ya faida hiyo imeondoka.

Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kenya wa 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.41 nchini, na kati yake milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Si rahisi kuamini kwamba zile milioni 5.85 zilizobaki zilishindwa na ada ya jina. Huenda wengi wa wamiliki wake waliangalia gharama za kila mwaka zinazofuata, wakaona heri wabaki pembeni.

BRS inastahili pongezi kwa kushusha gharama za kuingia. Gharama za kubaki ndani hujadiliwa kila mwaka katika Bunge la Kaunti ya Nakuru, ambako wawakilishi wa wadi 55 hupitisha Mswada wa Fedha. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma huwapa siku 90 baada ya kupitishwa kwa mswada wa matumizi, na Katiba inataka wananchi wasikilizwe kabla ya kura. Jedwali la ada za leseni limo ndani ya mswada huo, na mwenye duka anaweza kuwasilisha maoni yake kwa maandishi akitaja kifungu na kiwango anachokipinga.